Kadi Bila Maneno: Ripoti ya Mafunzo ya Makumbusho Ikisomwa kutoka Luvungi

Zipo aina za maandishi ambazo ni nadra kushughulikiwa na wahakiki, si kwa sababu ni haba, bali kwa sababu hazihesabiwi kuwa maandishi. Mojawapo ni ripoti ya mafunzo kwa vitendo, ambayo mwanafunzi hutakiwa kuiandika baada ya kukaa mwezi mmoja au miwili katika ofisi, hospitali, kiwanda au makumbusho. Nchini Kongo mafunzo hayo huitwa staji, na ripoti yake ni utanzu ambao kanuni zake zimekwisha kuganda. Hufunguliwa kwa shukrani, kuanzia kwa Mwenyezi Mungu hadi kwa wazazi na mkuu wa idara. Hufuata historia ya taasisi, aghalabu iliyonakiliwa kutoka ripoti ya mwanafunzi aliyetangulia, kisha mchoro wa madaraka kuanzia mkurugenzi hadi mlinzi wa lango, kisha kazi zilizotendeka, kisha matatizo, mwisho mapendekezo. Lugha yake ni Kifaransa, na vitenzi vyake karibu vyote vimo katika kauli ya kutendwa: vitu vilisafishwa, namba ziliandikwa, orodha ilikamilishwa. Ni nani aliyevisafisha haielezwi.

Utanzu huu unastahili kuhakikiwa kwa kuwa ndio maandishi ya kwanza ya mhifadhi wa kesho. Humo ndimo anamojifunza jinsi ya kuandika juu ya kitu cha mtu mwingine, na mtindo atakaouzoea humo ndio atakaoutumia kazini, akijaliwa kupata kazi. Mhakiki akiitazama ripoti hiyo kwa jicho la fani ataona kwamba sura moja tu ndiyo yenye uhai, nayo ni ile ya matatizo. Hapo sentensi hufupika, mwanafunzi hujitokeza, na msomaji huambiwa kwamba umeme ulikatika, glavu hazikuwapo, nauli ilimshinda. Sura hiyo ndiyo iliyopaswa kuwa ndefu kuliko zote. Na hata hiyo ina pengo, maana tatizo kubwa kuliko glavu halimo: maneno ya wenye vitu hayana mahali pa kuandikwa.

Mfano na uchukuliwe wa mwanafunzi atokaye Luvungi. Luvungi ni mji mdogo katika bonde la Ruzizi, kwenye barabara ya taifa namba 5 iunganishayo Bukavu na Uvira, baina ya Kamanyola na Sange. Mashariki upo mto Ruzizi na ng'ambo yake Burundi; magharibi ipo milima ya Wafuliiru inayopanda hadi Lemera. Nyumbani huzungumzwa Kifuliiru, sokoni na katika magari ya abiria, Kiswahili, darasani, Kifaransa. Katiba ya 2006 inakitaja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa. Mwanafunzi huyo basi hafiki chuoni mikono mitupu. Anazo lugha tatu, na mbili kati ya hizo hataulizwa habari zake tena mpaka amalize masomo.

Akitaka kufanya staji ya makumbusho, njia zake si nyingi. Makumbusho ya Taifa yaliyofunguliwa Kinshasa mwaka 2019 kwa msaada wa Korea Kusini yako upande wa pili wa nchi, na kwa mtu wa Kivu safari hiyo ni ya ndege. Makumbusho ya Lubumbashi yako karibu naye kwa lugha, lakini mbali vilevile kwa nauli. Kilicho jirani ni vituo vya utafiti: Lwiro, kaskazini ya Bukavu, yaliyokuwa makao ya taasisi ya IRSAC iliyoundwa 1947, na kituo cha Uvira, kilichoanza chini ya taasisi hiyo hiyo kwa ajili ya uchunguzi wa maji ya ziwa na viumbe vyake. Kwa kawaida staji haina malipo, na mwanafunzi hujigharimia chakula, malazi na hata karatasi za ripoti. Tumaini linalombeba ni kwamba atakumbukwa nafasi itakapotokea. Hata akikumbukwa, nchini Kongo si ajabu mtumishi wa serikali kukaa miaka kazini akingojea namba ya mshahara. Mambo haya yanajulikana na kila mzazi wa bondeni, na ndiyo maana mtoto anayesema anataka kazi ya makumbusho huulizwa mara mbili kama amesikia vizuri alichokisema mwenyewe.

Anachofundishwa huko, hata hivyo, si kidogo. Hufundishwa kukishika kitu kwa mikono miwili wala si kwa mpini wake. Kukipangusa kwa brashi laini. Kutafuta unga wa wadudu watoboao mti. Kuandika namba ndogo mahali pasipoonekana, juu ya utando wa vanishi, ili iweze kufutwa bila kukijeruhi kitu. Kisha hufundishwa kujaza kadi: namba, jina la kitu, mali iliyotumika kukitengeneza, vipimo, mahali kilikotoka, aliyekikusanya, tarehe ya kupokelewa. Ufundi huu haudharauliki. Katika joto la nchi zetu mchwa na unyevu huweza kukimaliza kinyago katika misimu michache, na mtu ajuaye kuvizuia anastahili mshahara wake kama fundi yeyote.

Ila kadi nayo ni matini, na yapaswa kusomwa kama matini. Pale penye jina la kitu huwekwa jina la jumla: kiti, sanamu, kinyago, ungo. Penye mahali, huandikwa jina la kabila au la wilaya ya kikoloni. Penye mkusanyaji ndipo panapoandikwa jina kamili la mtu, pengine na cheo chake cha kijeshi au cha kimisheni. Aliyekitengeneza hana mstari, aliyekitumia hana, aliyekitoa, au aliyenyang'anywa, hana. Kisarufi, kadi ni sentensi moja yenye mtenda mmoja, naye ni yule aliyekichukua kitu.

Udhaifu wa sentensi hiyo unadhihirika kwa mfano wa Walega wa Mwenga na Shabunda, walio katika mkoa mmoja na Luvungi. Chama chao cha bwami kina ngazi nyingi, na kila ngazi ina vitu vyake vya kufundishia: visanamu vya pembe, vinyago vidogo vya mti, lakini pia midomo ya ndege, magamba ya kakakuona na makombe ya konokono. Daniel Biebuyck, aliyefanya utafiti huko katika miaka ya 1950 akiwa chini ya IRSAC, alieleza katika kitabu chake cha 1973 kwamba vitu hivyo huonyeshwa pamoja na ngoma na methali zinazoimbwa, na kwamba umbo peke yake halitoshi kueleza maana. Visanamu viwili vinavyofanana huweza kubeba methali tofauti. Kitu kimoja huweza kupata maana nyingine kikipita katika mikono ya mfunzi mwingine. Hapa mtu aliyezoea mashairi atatambua jambo asilolishangaa: kisanamu ni kibwagizo, na beti ziko kinywani. Sasa achukuliwe mtazamaji wa Ulaya anayesoma chini ya kisanamu hicho maneno manne tu, yaani pembe, Walega, vipimo na mwaka. Kadi hiyo haina kosa hata moja, na bado haimwonyeshi chochote alichokiona mwanabwami. Utawala wa Kibelgiji, ambao mwishoni mwa miaka ya 1940 ulikipiga marufuku chama chenyewe, haukuona taabu na visanamu vyake kuendelea kuuzwa. Maneno yalikatazwa, pembe ikasafiri.

Mfano wa pili unatoka kusini zaidi, pwani ile ile ya magharibi ya Ziwa Tanganyika. Mwezi Desemba 1884 watu wa Luteni Émile Storms, Mbelgiji aliyekuwa na kituo Mpala, walimshambulia chifu Lusinga na kumkata kichwa. Fuvu lake lilipelekwa Ubelgiji, na sanamu ya babu zake ilichukuliwa pia. Baadaye, pamoja na mkusanyo wa Storms, iliingia katika makumbusho ya Tervuren, ambako ni miongoni mwa vitu vyenye sifa kubwa. Kilicho muhimu kwa wanafunzi wa Kiswahili ni kwamba msafara wa Storms ulitokea upande wa Zanzibar na Karema, na ulikuwa wa wapagazi na askari ambao lugha yao ya kazi ilikuwa Kiswahili. Lugha hii basi ilikuwapo siku ile. Amri zilitolewa kwayo, na yamkini habari zilisimuliwa kwayo jioni ile kandokando ya moto. Katika karatasi zilizoifuata sanamu hadi Ulaya, Kiswahili hakimo. Allen F. Roberts, ambaye kitabu chake cha 2013 kinayafuatilia mauaji hayo kutoka pande zote mbili, ilimbidi azitafute kumbukumbu za Watabwa katika masimulizi, kwani kabatini hazikuwapo.

Mjadala wa kurudishwa kwa vitu umeendelea kwa muda mrefu, na hesabu yake hufanywa kwa vipande. Baina ya 1976 na 1982 Tervuren ilipeleka vitu 114 kwa taasisi ya makumbusho ya Zaire, iliyoundwa 1970. Baadhi yake vilipotea katika misukosuko iliyofuata. Juni 2022 mfalme Philippe alikabidhi Kinshasa kinyago kikubwa cha Kakuungu cha Wasuku, kwa mkopo usio na kikomo, na mwaka huo huo bunge la Ubelgiji likapitisha sheria ya urejeshaji. Hayo ni mambo ya maana. Lakini kitu kinachorudi na kadi ile ile kilichoondoka nayo kimerudi nusu, na mwanafunzi anayefundishwa kuinakili kadi hiyo kwa mwandiko safi anafundishwa kuitunza nusu hiyo.

Itasemwa kwamba haiwezekani vingine, kwamba kitu ni kitu na maneno ni maneno. Jibu limekwisha kutolewa, tena kwa Kiswahili, tena nchini Kongo. Mwaka 1965 chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu kilitoa katika mji wa Elisabethville, sasa Lubumbashi, kijitabu kilichotungwa na André Yav juu ya historia ya mji huo. Maandishi yake hayafuati tahajia sanifu wala alama za vituo, na msomaji wa Dar es Salaam akikitupia jicho atakiweka kando. Johannes Fabian alipokihariri na kukitoa mwaka 1990 alishirikiana na Kalundi Mango, ambaye alikisoma kwa sauti. Na kilipopata sauti, sentensi zilijipanga. Kadhalika, katika 1973 na 1974 mchoraji Tshibumba Kanda-Matulu alimuuzia Fabian mfululizo wa picha zipatazo mia moja za historia ya Zaire, na kila picha ilifuatana na mazungumzo ya Kiswahili yaliyorekodiwa: mchoraji akieleza, akisahihishwa, akibisha. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo kilichapishwa 1996. Picha zenyewe ziko Amsterdam.

Mtu aweza kuwa na malalamiko yake juu ya jambo hilo la mwisho, na atakuwa na haki. Lakini kwa upande wa fani, mazungumzo ya Tshibumba ni maelezo ya makumbusho yanayopita karibu yote yaliyotungwa na taasisi kubwa. Mwenye kitu anasema ni nini, kwa nini alikifanya, na wapi hana hakika. Muulizaji anabaki kuwa muulizaji, na maswali yake yamechapishwa pamoja na majibu, ili msomaji aone pale alipomsukuma mwenzake. Kasoro ya kitabu ni kwamba Kiingereza ndicho kilichobeba sehemu kubwa, na mtu wa Lubumbashi anayetaka kuyasoma maneno ya jirani yake humbidi apitie lugha ya watu wengine. Kasoro hiyo haiondoi ukweli kwamba kielelezo kipo. Ripoti ya staji iliyoandikwa kwa mtindo huo, yaani kitu kimoja na mazungumzo marefu na mtu mmoja akijuaye, ingekuwa na thamani kuliko mia ya kadi zilizonakiliwa.

Hapa hapana budi kutaja jambo linalohusu mipaka. Kuanzia 1986 hadi 2000 shirika la ICCROM liliendesha mpango wa PREMA wa kuwafunza wahifadhi wa Afrika, na kutokana nao zikazaliwa taasisi mbili: shule ya urithi ya Porto-Novo, Benin, mwaka 1998, na kituo cha Mombasa mwaka 2000. Ya kwanza iliwekwa kwa ajili ya nchi za Kifaransa na jamaa zake, ya pili kwa ajili ya nchi za Kiingereza. Mgawanyo huo una sababu zake za kiutendaji. Matokeo yake, hata hivyo, ni kichekesho. Mtu wa Luvungi, aliyekulia katika Kiswahili, njia yake rasmi ilielekezwa pwani ya Benin, ambako Kiswahili hakisemwi, wakati Mombasa wenyeji wangempokea kwa lugha aliyoijua tangu utotoni. Kongo imejiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Ikiwa uanachama huo utakuwa na maana kwa fani hii, ungeanza na staji: mwanafunzi wa Uvira apelekwe Lamu, Kigoma au Kijiji cha Makumbusho cha Dar es Salaam, na ripoti yake aiandike kwa Kiswahili.

Hata hivyo Kiswahili chenyewe kisitukuzwe kupita kiasi. Methali za bwami si za Kiswahili, ni za Kilega. Wala mama wa Luvungi haufundishi mkono wa binti yake kusuka ungo kwa Kiswahili. Lugha ya sokoni nayo inaweza kumeza maneno ya nyumbani, na kadi ya Kiswahili iliyoandika "ungo" tu itakuwa imefanya kosa lile lile la kadi ya Kifaransa. Isitoshe, Kiswahili chenyewe ni vingi. Samaki ambaye Kigoma ni mgebuka, Uvira ni mukeke. Dagaa wa Kigoma ni ndagala wa Uvira. Mwanafunzi wa staji katika kituo cha Uvira hujifunza majina ya Kilatini, na afanye hivyo, maana bila hayo hawezi kuzungumza na mtaalamu wa Bujumbura wala wa Tervuren, ambako wapo samaki waliokusanywa na Max Poll katika uchunguzi wa ziwa wa 1946 na 1947. Lakini jina la mvuvi lina habari ya msimu, ya nyavu, ya bei na ya mwezi angani. Palipo na mistari saba ya kadi, wa nane si mzigo.

Kwa Luvungi yenyewe suala hili si la samaki tu. Mwaka 1964 bonde la Ruzizi lilikuwa uwanja wa uasi. Mwezi Mei waasi waliichukua Uvira, na mwezi Juni jeshi likapigana Kamanyola. Mobutu aliifanya vita hiyo kuwa fahari yake. Jina la Kamanyola lilipewa kikosi cha jeshi, na hata uwanja mkubwa wa michezo uliofunguliwa Kinshasa 1994, hadi ulipobadilishwa jina 1997. Hiyo ndiyo kadi ya dola. Masimulizi ya wakulima wa bondeni juu ya mwaka huo yako vinywani mwa wazee ambao leo ni wachache. Kisha ikaja hospitali ya Lemera, ambako wagonjwa na wauguzi waliuawa Oktoba 1996. Kisha Katogota, jirani kabisa na Luvungi, ambako raia waliuawa tarehe 14 Mei 2000, kama inavyoelezwa katika ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2010. Februari 2025 Bukavu ilitekwa na M23, na Desemba 2025 mapigano yakashuka barabara hiyo hiyo, yakapita Luvungi hadi Uvira. Makumbusho yoyote yatakayojengwa bondeni hayatakuwa na vitu vingi, kwani nyumba zilizokimbiwa mara nne hazibaki na vitu. Yatakuwa na watu wanaokumbuka majina. Kazi ya kuyapokea majina hayo, kuyaandika kama yalivyotamkwa, kumrudia msimuliaji na kumsomea alichokisema ili akisahihishe, ndiyo kazi ya mhifadhi hapo, na hakuna brashi laini inayoifundisha.

Ni kwa kipimo hiki ambapo matumaini ya mwanafunzi yanapaswa kutazamwa. Hashindwi kupata kazi kwa sababu hana ujuzi. Ujuzi wake adimu ndio ambao fomu haiuulizi. Anaweza kukaa na bibi wa Katogota alasiri nzima, akaelewa pale bibi alipohama kutoka Kiswahili kuingia Kifuliiru, na akajua kwa nini alihama. Mgeni mwenye shahada mbili angehitaji mkalimani, na mkalimani angeziruka sentensi zenye uchungu. Walimu wanaosahihisha ripoti za staji wanaweza kuanza kuutoza alama ujuzi huo mwaka huu huu, bila kungoja jengo wala mfadhili: kurasa kumi za mazungumzo yaliyonukuliwa kwa lugha yake, na historia ya taasisi iliyonakiliwa iondolewe. Kwa sasa, katika wasifu anaouandika kuombea kazi, Kiswahili na Kifuliiru huwekwa mstari wa mwisho, baada ya Kiingereza cha kubahatisha na leseni ya udereva.